Yule Aliyeomba Kushika Pedi Mpya

Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, saa nane mchana, jua kali, hapa Kilosa mjini. Sikuwa nimelewa, sikuwa na homa, wala sikuhadithiwa na mtu.

Nina banda la gemu karibu na stesheni ya treni. Nilijikamua nikaagiza mashine mpya kutoka Dar. Dereva wa lori akanishushia Mikumi, nikaifuata kwa bodaboda na kuipakata njia nzima kama mtoto mchanga. Utamu wake uko kwenye pedi, kile kidude cha kushika mikononi. Mchezaji wako akikimbia kwenye mchanga, viganja vyako vinausikia huo mchanga. Ukipiga shuti, kitufe kinakaza kidogo kabla ya kuachia. Vijana walikuja hata kutoka Tindiga, si kucheza, kuishika tu. Nami nilivimba kichwa, nakiri.

Siku hiyo wateja wangu wote walikuwa wameenda mpirani. Akaingia kijana wa miaka kama ishirini, shati amelifunga vifungo hadi shingoni, akaomba aishike hiyo mpya. Nikampa. Mchezaji kwenye skrini hakusogea. Akabonyeza huku na huku, wapi. Nikaichukua mimi, ikafanya kazi vizuri. Nikamrudishia, ikawa kama imezimwa.

"Sisikii kitu," akasema, kwa huzuni ambayo sijaiona kwa mtu aliyekosa gemu tu.

Sasa wewe ungefanya nini? Wageni wote huwa nawafundisha hivi: nasimama nyuma ya kiti, naweka vidole vyangu juu ya vyao, tunabonyeza pamoja. Nikafanya hivyohivyo. Niamini, chini ya viganja vyangu hapakuwa na joto wala baridi. Ila pedi ikaanza kutetemeka, naye akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Nasikia sasa," akasema. "Nilikuwa nimesahau."

Nikaondoa mikono, akaendelea kucheza mwenyewe. Hapo akaingia mama yangu na chakula cha mchana. Mama ana miaka sabini na ushee, mtaa mzima humwamkia yeye. Alimtazama yule kijana, akapiga goti.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," kijana akajibu bila kugeuka. Akaweka pedi mezani, akatoka.

Nilitaka kumtania mama kuhusu macho yake, lakini alikuwa bado hajainuka pale alipopiga goti. Aliniambia huyo ni kaka yake, aliyechukuliwa na maji ya mto Mkondoa kabla yeye hajaolewa, na mwili wake haukupatikana. Nikakimbia nje. Barabara ilikuwa nyeupe, hakuna mtu. Niliporudi mama akaniuliza kama nilimshika. Nikasema ndiyo. Akageuka akaenda zake, na chakula alisahau kunipakulia.

Nilipoichukua ile pedi niifute, haikutetemeka. Mpaka leo mikononi mwangu ni plastiki tupu, akishika mwingine inafanya kazi. Simu haitambui kidole changu, mke wangu ndiye anayenibonyezea namba. Hospitali wamenipima, wanasema vidole ni vizima. Nimeombewa kanisani, jirani akamleta na shehe. Nimechoka. Nani atanisaidia, wakati hata wewe huenda huniamini?

Hayo yote ningeyazoea. Lakini wiki iliyopita binti yangu wa miaka minne alishikwa na homa. Nilikaa kitandani kwake, nimekamata mkono wake kwa mikono yangu miwili. Alikuwa analia, macho amefumba.

"Baba, nishike."

"Nimekushika, mwanangu."

"Nishike basi."

Wewe mwenye banda la gemu, uwe Kidodi au Magole au popote, nakuomba. Akija mgeni ambaye pedi haimsikii, mwonee huruma ukiwa mbali. Usiweke mikono yako juu ya yake. Mimi niliweka, na binti yangu bado ananiita nimshike.