Nyundo Niliyoikata Mpini

Siku yangu ya kwanza kazini, Msimamizi wa karakana aliniwekea mikononi upanga mrefu wa mikono miwili, akasubiri nilalamike. Nilijikaza kama anayenyanyua gunia, nao ukapanda kirahisi hivi kwamba nusura nivunje taa. Alicheka mpaka akakohoa. Nilikuwa nimetoka Tanga kumfuata mume wangu aliyesoma hapa Sydney, na kazi iliyopatikana ilikuwa hiyo, katika kitongoji cha Merrylands: kutengeneza silaha za Ulaya ya kale kwa ajili ya watu wanaovaa deraya, yaani mavazi ya chuma, na kupigana mbele ya watazamaji. Makali yote huwa butu. Mapigo ni ya kweli.

"Usiulize silaha ina uzito gani," aliniambia. "Uliza uzito wake umekaa wapi."

Nyinyi vijana mnaoingia kazi hii, shikeni hilo kwanza. Uzito wa upanga unakaa karibu na mkono, ndiyo maana unageuka upesi. Kazi yake ni kukata na kuchoma. Lile tufe la chuma mwishoni mwa mpini, ambalo watu hudhani ni pambo, ndilo linalousawazisha. Shoka limebeba uzito mbele, kwenye makali. Rungu la chuma na nyundo ya vita hazihangaiki na kukata, maana deraya haikatiki. Zinamvunja aliye ndani. Nyundo ina pia mdomo uliochongoka, wa kutobolea. Mkuki, ambao wageni hawaujali, hula chuma kidogo na humweka adui mbali.

Baadaye nilipelekwa Quakers Hill, kwenye uwanja wetu wa maonyesho, kuwa mkaguzi. Hakuna silaha iliyotoka bila kupita mkononi mwangu. Bosi wa huko alikuwa Meneja wa Maonyesho, mtu wa saa na tiketi. Huko pia nilimkuta Otieno, nesi kutoka Kisumu, aliyepigana wikendi na kutusaidia matengenezo.

Asubuhi moja ya onyesho, joto limeshapamba moto, nilishika nyundo ya vita ya Otieno. Jana yake kichwa kilikuwa kinacheza. Sasa kilikuwa kimekaza kabisa, na mpini umekoza rangi. Niliugusa, nikakuta una unyevu.

"Otieno, umeiloweka?"

"Eeh Mama Zuhura, usiku mzima kwa ndoo. Si nyumbani jembe likilegea tunaweka tu kwa maji? Cheki, hata uivute aje haitoki. Iko poa."

Nilimwelewa. Jembe la mama yangu nimeliloweka mara nyingi. Lakini jembe likichomoka huangukia miguuni mwako. Mti ulionyonya maji huvimba, na jua la huku likiukausha, unasinyaa. Kichwa kile kingeweza kuruka katikati ya pigo, na kandokando ya uwanja watoto hukaa chini kutazama. Niliogopa, nasema wazi.

Meneja alikuja, akakivuta kile kichwa kwa nguvu. "Imekaza. Ipitishe, Otieno ameshatangazwa."

"Haipiti."

"Basi naipitisha mimi."

Niliibana nyundo kwenye jiliwa, nikachukua msumeno, nikaukata mpini vipande viwili mbele ya macho yake.

"Haya, ipitishe."

Otieno alipigana kwa upanga, akashindwa mapema, akaninunia wiki nyingi. Mimi nilivuliwa cheo, nikarudishwa Merrylands kusugua kutu. Kama kichwa kingeruka au la, hakuna anayejua, na hilo ndilo linaloudhi katika ukaguzi: ukiifanya kazi vizuri, hakuna kinachotokea, unabaki kuitwa mkorofi. Sikuomba radhi. Hata leo siombi.

Sasa nimestaafu. Mjukuu wangu, nikimweleza tofauti ya rungu na nyundo, ananijibu kwa Kiingereza, lakini anaelewa. Mkaguzi wa Quakers Hill siku hizi ni Otieno. Ile nyundo hatukuwahi kuizungumzia. Jumamosi iliyopita alinipigia simu, na nyuma yake nilisikia mtu anafoka.

"Mama," alisema, "nimekata mpini wa shoka saa hii."

"Umeukata ukaisha?"

"Umeisha, Mama. Vipande viwili."

"Basi mwache afoke."