Kombe Lililomwagikia Kitabu cha Ushuru

Nakumbuka asubuhi moja Queensbury, mtaa wa London, na waliokuwepo nawajua wote: mimi, mume wangu Salim, shangazi yake Bi Zuwena aliyekuja nasi kutoka Unguja baada ya mapinduzi, na chini yetu Bwana Karim, Mhindi wa Mombasa aliyetupangisha vyumba.

Salim alikuwa karani wa forodha kwetu. London akabeba makasha ghalani. Siku ile alikuwa aende Croydon kwenye mtihani wa leseni ya uwakala wa forodha. Alishafeli mara moja. Akifeli tena, hawampokei. Kitabu kikubwa cha ushuru, chenye bidhaa zote na namba zake, waliruhusiwa kuingia nacho.

Mwanangu, shule sikwenda, lakini chuo cha Kurani nilihitimu. Nikamwandikia kombe, aya kwa zafarani kwenye sahani, nikaliosha kwa marashi ya mawaridi ili alinywe. Sahani nikaitua juu ya kitabu chake. Kugeuka tu, ikapinduka. Kurasa zikalowa chapachapa. Nikakianika juu ya hita, nikakitia mkobani, nikanyamaza. Hata chai yake nikaitia chumvi.

Salim alipotoka tu, Bi Zuwena akaniuliza, "Mbona mkoba wa mumeo unanukia kama bwana harusi?"

Nikamweleza, huku nalia.

"Mkimbilie umwambie!"

"Shangazi, atakasirika."

"Sasa akasirike hapa, au kule mbele ya karatasi ya mtihani?"

Nikatoka na kanga zangu na ndara, baridi ile, nikampata kituoni. Akafungua kitabu: kurasa za viungo zote zimeshikana. Hakunitukana. Tukarudi mbio kwa Bwana Karim, wakala wa forodha wa siku nyingi.

"Chukua changu," akasema. "Lakini huyu mkeo asikiguse!"

Salim alipata leseni. Swali la kwanza, alinihadithia akicheka, lilikuwa la karafuu.

Leo wewe unasomea kazi hiyohiyo, na moyo wangu haujatulia mpaka umalize mtihani wako. Lakini hili ulishike hata baada ya leseni: ukiharibu kitu cha mtu, mwambie angali ana wakati wa kukitengeneza. Hasira zitapita. Ukimficha, umemnyima wakati wake. Mungu akufungulie akili, akupe na ulimi wa kukiri.

Na kama Bwana Karim alikuwa wa Lamu, si wa Mombasa, anayejua anisahihishe.