Mtori wa Bibi

Juzi nilinunua unga wa ndizi Moshi mjini, nikausoma mfuko mara tatu nikitafuta neno ngano, kisha nikausoma tena njiani. Daktari alishaniambia kwamba ngano ndiyo inayoniumiza tumbo. Nilipouchemsha, harufu yake ilinirudisha jikoni kwa bibi, kule kijijini Masama.

Siku hiyo, nikiwa bado mtoto, nilikuwa nimeshakula vipande vinne vya mkate tuliomletea zawadi, na tumbo lilikuwa limeanza kuvimba. Bibi akanipakulia mtori, ndizi zilizopondwa pamoja na nyama. Utando wa mafuta ulitetemeka juu ya bakuli. Nilimeza kijiko kimoja nikatapika kwenye kanga yake, matapishi ya kijivu yenye harufu ya maziwa yaliyochacha.

“Mtoto wa mjini, wa Pasua, ndizi zimemshinda,” binamu yangu alicheka.

“Mtori wako unanuka, bibi,” nilisema. “Ndio unaoniumiza.”

Bibi hakunigombeza. Alijifuta taratibu, akaliondoa bakuli, akanikatia kipande kingine cha mkate.

“Basi kula huu, mjukuu wangu. Huu hauna shida.”

Nikaula wote, nimebana pua nisisikie harufu ya ndizi zake.