Kesho Iliyokuwa Jana

Puaro, vile vitunguu vya majani marefu, zikikatwa, mimi hurudi Butembo. Harufu ile kali ya majani mabichi hunikuta hata kwenye majiko ya watu nisiowajua, na mara namwona mama yangu amevaa sweta mbili, ameinamia sufuria, akizitia puaro ndani ya maharage, ndani ya samaki, nusura ndani ya chai. Alikuwa mtu wa Mbandaka, mtu wa mto na joto. Baba, mtumishi wa serikali, alipohamishiwa Butembo, mji wa milimani, mama aliona amepelekwa ng'ambo. Baridi! Ukungu! Na Kilingala, hakuna anayekijua isipokuwa askari!

Lakini hakuwa mtu wa kukaa akilalamika. Ndani ya miaka miwili alijua kupalilia maharage kwenye mteremko, kubeba kuni mgongoni kwa kamba ya kwenye paji la uso kama wanawake wa Kinande, na kusema "wasingya", yaani asante, kwa kila aliyemtendea wema, hata kwa aliyemkanyaga. Kiswahili ndicho kilichomshinda. Mimi nilikuja mdogo, nikakinywa pamoja na uji, basi nikajiona profesa.

Katika Kilingala neno ni lile lile, lobi, kwa siku iliyopita na kwa siku ijayo. Kitenzi ndicho kinachokueleza ni ipi. Mama aliokota "kesho", akaona inatosha. Na vitenzi vyake vyote vilikuwa vya sasa hivi. "Kesho nakula sombe," alisema, na sombe, yaani kisamvu, ilikuwa imeshaliwa jana yake. Jumapili moja, nje ya kanisa, aliwaambia akina mama kwamba mume wake anakuja kesho kutoka Beni, na baba alikuwa amesimama pale pale nyuma yake. Nilicheka mpaka nikakaa chini. "Mama, ni jana! Ja-na!" Wote wakacheka.

Nyumbani hakunipiga. Alikaa kitandani, akasema polepole, "Weye, hapana kunisahihisha tena mbele ya batu." Macho yake yalikuwa mekundu. Niliona aibu sana, nikaapa sitarudia.

Aliyemfundisha mama karibu yote hayo, kamba na maharage na puaro, ni jirani yetu Mama Katungu, muuza vitunguu. Wiki chache baada ya kiapo changu alikwenda Beni kuuza, akalala huko. Alasiri ile ile motard, mtu wa pikipiki, alifika kutoka Vuhovi, alikozaliwa jirani yetu. Alikuta mlango umefungwa, na simu ya mwenyewe haipatikani. Akamwachia mama ujumbe: Mama Katungu anaitwa na mama yake mzazi. Hakusema zaidi, kule habari mbaya haitupwi mlangoni mwa jirani. Nilikuwa pale, nimeshika ufagio, nikasikia kila neno.

Siku ya pili, saa sita mchana, Mama Katungu akarudi. Mama alimkimbilia, amefurahi kuwa na la kusema.

"Motard ya Vuhovi anakuja kesho. Anatafuta weye. Mama yako anakuita."

"Anakuja kesho? Ah, bon. Donc nitamungojea."

Mdomo wangu ulifunguka. Mama akageuka, akanitazama. Nikaufunga.

Nilijiambia kwamba Mama Katungu anamjua mama, ataelewa mwenyewe. Jioni nilikwenda mpaka mlangoni kwake mara mbili. Nilimkuta akifunga chumvi na sabuni za kumpelekea mama yake, huku akiimba. Mara zote mbili aliniuliza ninataka nini, na mara zote mbili nilisema ninamtafuta binti yake, tucheze. Nilikuwa na miaka tisa, na sijui hata leo ni nini kilichonishika ulimi, utii au woga.

Asubuhi alivaa kitenge kipya, akakaa kwenye ngazi kungoja pikipiki. Aliyeshuka kwenye pikipiki ni kaka yake. Mama yao alikuwa amefariki alfajiri.

"Tulituma mutu juzi!" kaka alilia. "Ulikuwa unangoja nini?"

Mama Katungu aliutazama mlango wetu, kisha akanitazama mimi.

Baada ya maziko mama alikwenda kukaa naye kwenye mkeka wa msiba, akalia kuliko wafiwa, bila kujua lolote. Mama Katungu akaniita mimi nyuma ya nyumba.

"Ulikuwa unajua?"

Niliinamisha kichwa.

"Mama yako asijue. Akijua, atafunga kinywa. Na mugeni mwenye kufunga kinywa, basi amekufa."

Miaka mingi nilidhani kwamba siku ile nilisamehewa. Nimezaa, nimezika, ndipo nikaelewa: sikusamehewa, sikufikiriwa hata kidogo. Mwanamke yule alikuwa amepoteza mama, na hakutaka kumpoteza rafiki pia.

Nawaambieni ninyi kwa sababu mama hasomi Kiswahili. Anakisema tu, kutwa nzima, pale Mulekera, mjini Beni, tunakoishi sasa, na Mama Katungu humpigia simu kutoka Butembo kila Jumapili. Juzi mama alimwambia, kwa furaha, "Kesho naota weye!"

Nilikuwa karibu, nikasogeza sikio.

"Aksanti, mama," Mama Katungu akajibu. "Nitakungojea."