Miligramu sita zinazomnyima fundi mizani usingizi

Saa mbili asubuhi, fundi anafungua kijumba cha kioo kinachofunika mizani, anabana pumzi, kisha kwa kibano anaweka jiwe la gramu mia moja. Namba zinayumba, zinatulia. Mia moja kamili.

"Umeona?" anasema. "Haina hata mafua."

Hapo ndipo anapochanganyikiwa. Ni mwaka wa ishirini na mbili anakagua mizani za maabara hii ya chuo, na wenzake humwita Bwana Gramu. Mwezi uliopita watafiti walipima tufe la shaba likiwa baridi, wakalipasha moto, wakalipima tena. Lilipungua miligramu sita. Lilipopoa, uzito ukarudi. Wamerudia mara thelathini na moja, mambo ni yale yale.

Vitabu vinasema shaba haipungui uzito kwa kupashwa moto. Mkuu wa maabara anataka kutangaza matokeo Ijumaa, na chini ya ripoti panasubiriwa saini ya fundi kwamba mizani ni nzima.

"Mzee, mizani ikiwa nzima, basi fizikia ndiyo mbovu," mkuu alimwambia. "Wewe weka saini tu."

Nyumbani nako hakuna nafuu. Binti yake anafundisha fizikia sekondari.

"Baba, vitabu vimehakikiwa na maelfu ya watu," alimwambia wakiwa mezani. "Wewe uko peke yako na kibano chako."

Mama mtu alicheka mpaka akapaliwa. Fundi hakucheka. Amebakiza miezi minane astaafu, na anaogopa kuondoka akiwa kichekesho cha chuo kizima.

Kuna jambo linamtafuna. Siku zote ameikagua mizani kwa mawe baridi. Kitu cha moto hajawahi kukijaribu. Huenda hewa inayopata joto inapanda na kulibeba tufe kidogo. Huenda siyo.

"Nikiwaza hivi naona sawa, nikiwaza vile naona sawa," anasema. "Nimechoka kujibishana na nafsi yangu."

Ameomba chombo kinachoondolewa hewa, alipime tufe humo Alhamisi. Kabla ya hapo, hasaini.

Anaomba jibu lipi? Anavua miwani, anaifuta muda mrefu kuliko inavyohitaji.

"Mkuu anaomba kosa liwe la vitabu. Mimi naomba liwe langu," anasema. "Langu nina bisibisi ya kulitengenezea. Hilo lingine nitalianzia wapi?"