Askari wa Geti Alikuwa Mtoto wa Syokau

Mwaka wa themanini na saba, mama mmoja wa huku kwetu Sultan Hamud alimpata mwanawe aliyekuwa amepotea. Alimpata ndani ya televisheni.

Najua utasema hii ni hekaya. Mimi nilikuwa hapo, napika chapati katika hoteli ya Karanja, na TV ya Karanja ndiyo ilikuwa ya pekee upande wetu wa reli.

Kila Jumatano, baada ya taarifa ya habari, watu walijaa kutazama mchezo ulioitwa Nyumba Isiyo na Namba. Tajiri ameuawa. Mke analia, ndugu wananong'ona, polisi wanazunguka tu. Aliyejua ukweli ni mmoja: askari wa geti, kijana mwembamba aliyevaa koti kubwa kumshinda.

Kipindi cha mwisho, askari alisimama mbele ya polisi. "Nilimuona aliyetoka. Alikuwa ni..."

Wakakata hapo hapo. Maandishi yakatokea: tukutane mwaka ujao.

Walai watu nusura wavunje TV. Mugo wa duka la spea aliapa ni mke. Mwalimu Ndeti akasema ni ndugu, na wawili hao hawakusalimiana wiki nzima.

Sasa Syokau hakuwa mtu wa TV. Aliuza ndengu sokoni, na mumewe Jonah, mzee wa kanisa, aliamini kisanduku hicho ni cha shetani. Jioni hiyo alikuwa ameleta ndengu jikoni tu. Akainua macho.

Debe likamtoka mkononi.

"Huyo ni Muthama," akasema. "Huyo ni mtoto yangu."

Muthama alipenda maigizo tangu utoto. Alipojiunga na kikundi cha kuigiza kwenye mabaa, kanisa likamtenga, na aliyesimama mbele ya ushirika kusoma jina lake alikuwa babake mwenyewe. Jonah aliongeza maneno ambayo hakuna aliyemtuma aseme: "Kuanzia leo, sina mtoto anaitwa hivyo."

Muthama alisikia yote akiwa benchi la nyuma. Alitoka, akaenda, hakuandika hata barua.

Syokau alitaka kwenda Nairobi kesho yake.

"Ukienda kutafuta huyo, kaa huko huko," Jonah akamwambia.

Hilo halikumtisha sana. Kilichomrudisha nyuma ni ushauri mzuri wa Karanja.

"Mama, saa hii wamefunga kazi. Kila mtu ameenda kwao. Utapata nani? Ngoja ianze tena, tukimuona, mimi mwenyewe nitakupeleka mpaka studio."

Ilisikika kama busara. Akangoja.

Sisi wengine tulingoja kujua muuaji. Yeye alingoja kuona kama mtoto amenenepa. Kila akileta ndengu alimuuliza Karanja, "Hiyo kitu yenu inaanza lini?"

Kanisani jina la aliyetengwa halikutajwa, hata kwa maombi. Kwa hivyo kwenye maombi ya akina mama, Syokau aliomba waombee kijana mmoja, askari wa geti.

Akina mama walikuwa wamesikia habari za mchezo. Wakafunga macho wakaomba kwa bidii.

"Bwana, mfiche huyo kijana," Ndinda akalia. "Huyo muuaji asimfikie."

Syokau akaitikia amina. Ukicheka, cheka, lakini maombi yalikuwa ya kweli.

Januari ikafika. Hoteli ilifurika mpaka mlangoni. Syokau alikaa mbele kabisa, amevaa nguo ya Jumapili na kitambaa kipya kichwani. 

Mchezo ukaanza na maiti. Askari wa geti amepatikana amekufa, amefunikwa shuka, miguu tu iko nje.

Watu wote wakaguna. Karanja akaharakisha kumshika Syokau bega. "Usiogope, mama, ni mchezo. Yeye saa hii anakunywa chai mahali, anatucheka."

Syokau alikuwa ameinama karibu na kioo.

"Hiyo miguu si yake," akasema. "Muthama alijikata na jembe akiwa mtoto. Kidole ya mwisho hakuna. Huyu ako na vidole zote."

"Si basi hiyo ni habari nzuri?" Mugo akasema. "Hata aliyelala hapo si yeye."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Syokau hakucheka.

"Na yeye ako wapi," akauliza, "mbona wamelaza mtu mwingine mahali pake?"



Asubuhi Karanja alimpeleka Nairobi, na Karanja ndiye alinisimulia yaliyobaki, akilia. Huko studio walimkuta mama anayepaka waigizaji poda. Alipotajiwa Muthama, alikaa chini.

Muthama alikuwa amekufa. Nimonia. Walitafuta watu wake, lakini alikuwa amemwambia kila mtu hana baba, hana kwao. Kanjo, watu wa baraza la jiji, wakamzika na wengine wasiojulikana. Kwa hivyo kwenye mchezo ikabidi askari auawe.

"Alikufa lini?" Karanja akauliza.

"Septemba."

Syokau alikuwa amemuona kwa TV mwezi wa nne.

"Na hiyo miezi yote, alikuwa wapi?" akauliza.

"Hapa," yule mama akasema. "Wengine walienda kwao. Yeye hakuwa na pa kwenda. Kila asubuhi alikuja kusimama hapo nje, akiuliza kama kazi imeanza."

Karanja aliniambia Syokau hakupiga kelele. Alitoka nje akasimama mahali alipoonyeshwa, na ilibidi abebwe kuingizwa kwa gari.

Aliporudi na habari hizo, Jonah alimuuliza kitu kimoja tu: kaburi liko wapi.

"Hakuna mtu anajua," Syokau akamjibu.

Jonah alikaa pale uani ndengu zinapoanikwa, akalia kama mtoto. Mkewe alimpita akaingia ndani. Hadi leo sijui kama aliwahi kumsamehe, na sisemi alipaswa.

Ndugu yangu unayesoma, kama una mtu wako aliyekosana na nyumbani na umesikia mahali alipo, usingoje wakati mzuri. Usishauriwe na watu wenye akili. Mtu wa namna hiyo hana likizo ya kwenda kwao. Yuko mahali amesimama. Nenda leo.