Mdodosaji wa Watoto

Kabla ya swali la kwanza, mdodosaji huvua viatu na kuketi chini kabisa, ili mtoto asimtazame kwa kuinua shingo. Kila jibu humsomea mtoto mwenyewe polepole, kisha hungoja asahihishwe, ndiyo maana vidole vyake havikosi wino wa kufutafuta. Msimamizi wake, Gichuki, humwonya kila asubuhi, "Dada, muulize mzazi. Watoto hutunga mambo." Naye hujibu bila kuinua kichwa, "Na wazazi je?" Hajaona bado haki ya kuandika ripoti nzima juu ya watoto kwa vinywa vya wakubwa.

Leo, katika ua mmoja wa mtaa wa Waberi, dodoso liliuliza kama Filsan, mwenye miaka minane, hucheza. "Huyu anachunga mbuzi. Mchezo hana," baba yake, Ahmednoor, akajibu. Kalamu haikusogea. Mdodosaji alimgeukia mtoto, akangoja kama mtu asiye na safari nyingine duniani. Mwishowe Filsan alimshika mkono, akampeleka nyuma ya nyumba, kwenye zizi la vijiti lililojaa mawe meupe. "Ngamia wangu, eddo," akasema, akimwita shangazi kwa Kisomali. Mdodosaji akaketi hapo hapo, akahesabu, akaandika, akasoma: "Filsan hucheza. Ana ngamia kumi na wawili."

"Kumi na watatu," Filsan akasema. "Yule mkubwa amezaa jana. Umekalia mtoto wake."

Ahmednoor, aliyekuwa amewafuata, ndiye aliyecheka kwanza. Mdodosaji aliinuka, akamwomba radhi mama ngamia, akafuta jibu.